UFUNGUO UKIVUNJIKA, NANI ATAKUJIBU?

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kuendelea kusoma, jiulize swali moja. Ufunguo wako ukipasuka leo asubuhi, mchana utafanya kazi na nini? Kama unajibu: «Nitakwenda magazini, nitapewa mwingine», mikono yako ina bahati. Kama unajibu: «Nitaendelea na uleule, nitafanya namna», basi ukurasa wa leo umeandikwa kwa ajili yako.

Mara nyingi tunasema: usitumie chombo kilichoharibika. Maneno haya kila mtu anayajua, hata kijana wa juma la kwanza kazini. Lakini iko sababu moja ambayo hatuisemi vya kutosha. Mtu hashiki chombo kibovu kwa kuwa ni mjinga. Anakishika kwa sababu kukibadilisha ni matata. Anaogopa kugombezwa, anaogopa kukatwa feza, au anajua kwamba atangoja majuma matatu. Kwa hiyo mtu anayetoa chombo, awe muuzaji au magazinye, naye anachunga vidole vyako.

Kusudi tulione jambo hili vizuri, twende kwanza mbali kidogo, mpaka Marekani. Mafundi wa magari wa kule wana desturi yao ya kununua vyombo, na ndani yake mna mafundisho mengi kwetu.

DUKA LINALOTEMBEA

Katika garaji nyingi za Marekani, fundi hapewi vyombo vyote na mwenye garaji. Funguo, duyi, nyundo, pensi na turnevisi ni mali yake mwenyewe. Anavinunua kidogo kidogo kwa mshahara wake, anaviweka katika sanduku kubwa lenye magurudumu, na siku akihama garaji anahama navyo.

Hana haja ya kwenda dukani, maana duka linamfuata. Kila juma, siku ileile na karibu saa ileile, kamyo inasimama mbele ya garaji. Ukiiona kwa nje utafikiri inabeba mizigo. Ukipanda ndani unakuta rafu pande zote mbili, vyombo vimepangwa toka kidogo mpaka kikubwa, na muuzaji amesimama katikati na daftari lake. Mafundi wanapanda, wanachagua, wanalipa au wanaandikiwa deni, wanarudi kazini.

Biashara hii si ya jana. Mwaka 1919 mhunzi Eugene Cornwell alianza kutengeneza vyombo katika jimbo la Ohio, na kampuni yenye jina lake inauza kwa kamyo mpaka leo. Mwaka 1920 Joseph Johnson na William Seidemann walianzisha Snap-on katika mji wa Milwaukee. Wazo lao lilikuwa rahisi: kuliko kumuuzia fundi ufunguo mzima kwa kila kipimo, walitengeneza duyi 10 na mipini 5 ya kuzichomeka, kusudi vitu vichache vifanye kazi ya vingi. Mac Tools ilifuata mwaka 1938, nayo huko Ohio.

Sasa shika neno moja. Mara nyingi mwenye kamyo si mfanyakazi wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni mwa gari. Ni mfanyabiashara mdogo aliyepatana nayo. Ananunua vyombo kwake, anapewa garaji za kutembelea, anauza kwa faida na hasara yake mwenyewe. Mazuri na mabaya ambayo mafundi wa kule husimulia yanatoka hapo.

FUNDI ANANUNUA VITU VIWILI

Bei ya kamyo ni kali. Chombo cha kamyo chaweza kupita mara kadhaa bei ya kingine cha umbo lilelile katika duka la mtaani. Kwa nini basi fundi mwenye akili analipa?

Analipa kwa sababu ananunua vitu viwili kwa mara moja: chuma, na ahadi. Ahadi hiyo ndiyo garanti. Duyi ikipasuka, fundi anangoja siku ya kamyo, anampa muuzaji ile iliyopasuka, naye anampa nzima palepale. Mpini wa meno, ule unaokaza upande mmoja na kurudi bure upande wa pili, ukianza kuruka, muuzaji mwema anaufungua, anatoa meno yaliyolika, anatia mapya, na kazi inaendelea. Dakika kumi zimetosha.

Angalia faida ya usalama iliyo ndani ya jambo hili. Fundi anayejua kwamba kamyo inakuja siku ya nne hana sababu ya kuficha duyi yenye ufa sandukuni. Anaiweka kando, anaazima ya mwenzake kwa siku mbili, anangoja. Hakuna aliyemhubiria. Urahisi wa kubadilisha umemfundisha kuliko mabango kumi ukutani.

MAHALI AHADI INAPOVUNJIKA

Lakini mafundi haohao wanajua pia upande wa pili. Malalamiko yao ni ya namna hii:

Muuzaji anasema «juma lijalo», na juma lijalo anasema tena «juma lijalo», mpaka mwezi unapita.

Muuzaji anaacha kazi au anabadilishiwa njia. Anayekuja nyuma yake anatazama chombo kilichovunjika na kusema: «Hukununua kwangu.» Fundi alifikiri ahadi ni ya kampuni, lakini mlangoni pa kamyo anakuta mtu mmoja tu anayehesabu hasara yake.

Muuzaji anahudumia vizuri wale wanaonunua sana, na yule asiyenunua kitu juma hili anaambiwa angoje.

Wengine wanakuta kwamba garanti haikuwa kama walivyofikiri. Kwa kawaida garanti ndefu ni ya vyombo vya mkono, kama funguo na duyi. Mashine za umeme na za hewa huwa na muda mfupi, mara nyingi mwaka 1 au 2. Vitu vinavyolika kwa kazi yenyewe, kama tupa na vyuma vya kutobolea, kwa kawaida havimo.

Na ahadi haiwezi kukaa palepale kama mtoa ahadi ameondoka. Kwa miaka mingi maduka ya Sears yaliuza vyombo vya jina la Craftsman. Mtu aliyevunja ufunguo aliurudisha dukani, akapewa mpya bila kuulizwa fakture. Mwaka 2017 Sears iliuza jina hilo kwa kampuni ya Stanley Black & Decker, na mwaka 2018 ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Jina la Craftsman linaendelea, lakini katika miji mingi mlango uliozoeleka ulifungwa, na watu walilazimika kutafuta mahali pengine pa kupeleka ufunguo uliovunjika.

Katika mambo haya yote matokeo ni mamoja. Fundi aliyenyimwa chombo kizima anarudi na kibovu sandukuni, naye atakitumia.

DENI LA KAMYO

Mama unayesoma nyumbani, sehemu hii ni yako pia, maana kila deni linakula chakulani.

Muuzaji wa kamyo anakopesha. Kwa vitu vidogo anaandika katika daftari lake, na fundi analipa kiasi fulani kila juma, mara nyingi bila faida juu. Kwa vitu vikubwa, kama lile sanduku lenye magurudumu, kunaandikwa mapatano na kampuni ya mkopo, na hapo faida iko. Kijana aliyeanza kazi juzi anapanda kwenye kamyo, anaona chuma kinang'aa, anaambiwa: «Chukua, utalipa kidogo kidogo.» Kila juma ni kidogo, lakini majuma ya mwaka ni 52. Wengine wanafikia kulipa sanduku kwa miaka.

Deni hilo nalo ni neno la usalama. Mwenye deni anakubali saa za ziada akiwa amechoka, na mkono uliochoka hauhesabu vidole vyake. Kwa hiyo mafundi wazee wa kule wanawaonya vijana: nunua kwanza chombo unachokitumia kila siku, na kile cha mara moja kwa mwezi uazime.

CHOMBO KINATOA USHUHUDA

Tusimlaumu muuzaji peke yake. Mara nyingine anakataa kubadilisha, na haki iko upande wake, maana chombo chenyewe kinasema kilivyoteswa. Alama za bomba kwenye mpini, mapigo ya nyundo kwenye ufunguo, ncha ya turnevisi iliyopinda: hayo yote ni ushuhuda.

Tuchukue bomba. Mpini wenye urefu wa sentimeta 25, ukivutwa kwa nguvu ya kilo 40, unatoa nguvu ya kukaza ya kilogramu-meta 10. Vesha bomba juu yake mpaka urefu ufike sentimeta 75, uvute kwa nguvu ileile: sasa ni kilogramu-meta 30. Umeubebesha mpini mara 3. Mtengenezaji hakuupimia mzigo huo. Ukikatika, mwili wako wote unafuata mkono, na mbele ya mkono kuna chuma. Buloni iliyokataa inataka mafuta ya kulainisha kutu, subira, na ufunguo wenye mpini mrefu uliotengenezwa hivyo.

Duyi nazo ni za namna mbili. Zile zinazong'aa ni za mkono. Zile nyeusi zenye ukuta mnene ni za mashine ya hewa, ile inayopiga na kuzungusha. Duyi ya kung'aa ni ngumu lakini haivumilii mapigo. Ukiitia kwenye mashine ya hewa yaweza kupasuka na kurusha vipande.

Tindo, ile patasi ya kukatia chuma, kichwa chake kinapanuka kama uyoga kwa sababu ya nyundo. Pindo hilo linaruka kama risasi. Peleka kwenye jiwe la kunolea mapema, na vaa miwani ya kukinga macho kila mara unapopiga chuma kwa chuma.

Ufunguo wa kupimia nguvu, ule wenye namba kwenye mpini, si wa kufungulia buloni zilizokwama. Kanuni ya kimataifa ya ISO 6789 inasema kwamba, kama hakuna utaratibu mwingine uliowekwa kazini, urudishwe kupimwa kila miezi 12 au kila mara 5000 za kuutumia, kile kitakachotangulia. Ukianguka kwa nguvu, upimwe kabla ya kutumika tena. Ukimaliza kazi, rudisha namba chini kabisa kwenye kipimo chake, kusudi chemchemi ndani ipumzike.

NANI MWENYE DARAKA?

Mtu atauliza: kama fundi wa Marekani amenunua ufunguo kwa feza yake, ukimuumiza si shauri lake? Sheria ya kule inajibu hapana. Sheria yao ya usalama kazini ni ya mwaka 1970, na kanuni zilizotokana nayo zinasema mwenye kazi ana daraka juu ya hali ya vyombo vinavyotumika kwake, hata vile ambavyo mfanyakazi amekuja navyo mwenyewe. Maana yake ni hii: chombo kikiingia ndani ya uzio wa kazi, kapita hawezi tena kusema «si changu».

Neno hili ni zuri kwetu. Siku nyingine mtu anakuja na turnevisi yake ya nyumbani kwa sababu anaiamini. Kapita, itazame nayo. Kama ni mbovu, iwekwe nje ya kazi kwa upole, naye apewe nyingine.

TUFANYE NAMNA GANI KWETU?

Kwetu hakuna kamyo ya vyombo inayosimama mlangoni pa ateliye. Kamyo yetu ni dirisha la magazini. Basi yale yanayomfanya muuzaji awe mwema au mbaya, yaonekane dirishani petu.

Magazinye, mtu akileta ufunguo uliopasuka, usianze kwa kumuuliza aliuvunja namna gani. Mshukuru kwanza kwa kuuleta, mpe mzima, halafu andika sababu. Ukimgombeza mmoja, kumi watajifunza kuficha.

Chombo kibovu kilichorudishwa kisirudi rafuni. Kifungwe kikaratasi chekundu au kikatwe, maana chombo kilichowekwa «kando kidogo» kesho kitachukuliwa na mtu wa zamu ya usiku.

Kama chombo kipya hakipo, sema ukweli na siku yake. «Juma lijalo» linalorudiwa linafundisha watu kufanya namna.

Kapita, weka siku moja katika juma, ileile kila mara, ya kutazama vyombo vya kundi lako. Muuzaji wa Marekani anafaulu kwa sababu siku yake haibadiliki. Dakika kumi kabla ya kazi zinatosha: ufa, meno yanayoruka, midomo ya funguo iliyopanuka, vichwa vya nyundo vinavyocheza, mipini yenye mafuta.

Nawe mfanyakazi, vuta ufunguo kuja kwako, usiusukume. Kama mahali panakulazimisha kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguliwa, kusudi ukiteleza vidole visigonge. Mkono mmoja una mifupa 27, wala haina garanti.

UKINUNUA SOKONI

Wengi wetu tuna ndugu mwenye garaji kidogo katika site, au mtoto anayejifunza ufundi. Vyombo vya kazi yao vinanunuliwa sokoni na feza ya nyumba. Kabla ya kutoa feza, fanya haya manne.

Kwanza, uliza: «Kikivunjika, nitarudi kwa nani?» Muuzaji mwenye meza yake palepale kila siku, anayejulikana na majirani, anapita yule wa kuzunguka, hata kama bei yake inazidi kidogo.

Pili, tazama chombo, usitazame rangi. Jina zuri linaweza kuandikwa juu ya chuma kibaya. Tia duyi kwenye buloni: ikicheza, iache. Zungusha mpini wa meno na kusikiliza: ukiruka mkononi mwa muuzaji, utaruka pia mkononi mwako.

Tatu, omba fakture, hata ya kalamu, yenye tarehe na jina. Iweke pamoja na namba ya chombo. Mwaka 2020 duka moja kubwa la vyombo huko Marekani liliomba wanunuzi warudishe miguu ya chuma ya kuegemeza gari baada ya kriki kuliinua, maana meno yanayoshika nguzo yaliweza kuachia chini ya mzigo. Hata sehemu ya miguu iliyouzwa baadaye iliitwa kurudi, kwa sababu ya kuunganishwa vibaya kwa moto. Mtu aliyesoma namba kwenye chombo chake alijua kama ni miongoni mwa ile mibaya. Ambaye namba ilifutika alibaki kubahatisha, chini ya gari.

Nne, usinunue kwa deni kile ambacho mshahara wa mwezi huu hauwezi kukilipa bila kugusa chakula, karo na dawa.

MKONO UKIISHA KUUMIA

Kidonda kidogo cha kidole kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe, na kitangazwe siku hiyohiyo kwenye dispanseri. Chuma chenye udongo kinaweza kuleta pepopunda, ile tetanosi. Muulize mganga kama chanjo yako bado ina nguvu. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue, usijaribu kukitoa kwa ncha ya nguo. Funika jicho bila kulibana, nenda kwa mganga mara moja.

Na mama, mumeo akirudi na kidole kimefungwa kitambaa, usimuulize tu «umefanya nini?» Muulize pia: «Chombo kilichokuumiza kiko wapi sasa?» Kama bado kiko sandukuni, kesho kitamngoja yeye au mwenzake.

Leo jioni, kabla ya kufunga sanduku lako, toa chombo kimoja unachojua moyoni kwamba ni kibovu. Unakijua. Kesho asubuhi kipeleke dirishani.

CHOMBO KIBOVU KIRUDI MAGAZINI, MFANYAKAZI MZIMA ARUDI NYUMBANI!